Shanga za Neema: kisa cha walimu watatu wa hisabati na jaribio moja la darasa la nne

"Asha ana shanga 345. Ana shanga 128 zaidi ya Neema. Neema ana shanga ngapi?"

Fumbo hili lilikuwa swali la kumi na tano katika jaribio la mwezi la hisabati la darasa la nne, na ndilo kiini cha kisa ninachokichambua hapa. Kisa chenyewe nimekitunga kwa ajili ya mjadala wa walimu, na idadi za wanafunzi zilizomo ni za mfano. Hata hivyo, makosa ya wanafunzi yanayoelezwa ni yale yale ambayo mwalimu wa hisabati hukutana nayo kila anapofungua madaftari, na mazingira ni ya shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara. Nimeamua kukieleza kwa kirefu, swali kwa swali na jibu kwa jibu, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu matumizi ya matokeo ya upimaji huishia juu juu mno. Tunaagizwa kutumia matokeo kuboresha ufundishaji, tunakubali kwa moyo mmoja, kisha tunaketi mbele ya karatasi ya wastani na hatujui tuifanyie nini.

Shule ina mikondo mitatu ya darasa la nne: mkondo A wenye wanafunzi 62, mkondo B wenye 60 na mkondo C wenye 64, yaani 186 kwa jumla, na kila mkondo umezidi kwa mbali kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu wa mkondo A ni kijana mwenye miaka minne kazini, hodari wa zana za kufundishia, na ukuta wa darasa lake umejaa chati. Mwalimu wa mkondo B ni mtulivu na hasemi sana vikaoni. Mwalimu wa mkondo C ni mama wa makamo ambaye amefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na wenzake humwita Mama kabla ya kumwita Mwalimu. Jambo moja kuhusu mkondo wake lilipaswa kukumbukwa tangu mwanzo, lakini halikukumbukwa: walipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao alikuwa likizo ya uzazi kwa muda wa muhula karibu wote, wakaunganishwa na mkondo mwingine, na mada ya kutoa kwa kukopa waliisoma wakiwa zaidi ya mia katika chumba kimoja.

Walimu hawa watatu pamoja na mwalimu wa taaluma huunda jumuiya ya ujifunzaji, kwa utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Utaratibu huo unawataka walimu wakutane shuleni, waibue changamoto za ufundishaji wanazokabiliana nazo na wasaidiane kuzitatua. Kwa hiyo nafasi ya kukaa pamoja ilikuwapo, na siku yake katika ratiba ilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha maana cha kuweka mezani.

Kikao cha kwanza kilifanyika siku mbili baada ya jaribio kusahihishwa. Mwalimu mkuu alikuwa amebandika ukutani karatasi ya matokeo, ile ambayo walimu huiita mkeka, ikionyesha wastani wa kila mkondo kati ya alama 50: A alama 31, B alama 27, C alama 22. Kwa madaraja ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambako A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40 na C ni 21 hadi 30, mkondo wa kwanza ulikuwa umeingia daraja B kwa ukingo, na mikondo mingine miwili ilikuwa daraja C. Swali lililofungua kikao lilikuwa moja: kwa nini mkondo C ni wa mwisho tena?

Naliona swali hilo kuwa ndilo lililoharibu kikao, ingawa aliyeliuliza alikuwa na nia njema kabisa. Swali la "kwa nini wewe ni wa mwisho" lina jibu moja tu ambalo binadamu aliyesimama mbele ya wenzake anaweza kulitoa, nalo ni sababu iliyo nje ya uwezo wake. Mama alitaja utoro wa msimu wa kilimo, wazazi wasionunua madaftari, na watoto wanaokuja bila kunywa chai. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Yalikuwa kweli pia kwa mikondo A na B, ambayo watoto wake wanatoka vitongoji vile vile, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kuyataja kwa niaba ya mikondo hiyo. Mwalimu wa A alishauriwa awafundishe wenzake mbinu zake, naye akaahidi kuwapa nakala za chati. Kikao kilifungwa kwa azimio la kuongeza vipindi vya jioni kwa mkondo C. Hakuna mtu aliyekuwa ameitazama karatasi hata moja ya mwanafunzi.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa walioongoza lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023. Uamuzi huo ulizungumzwa sana kuhusu ngazi ya taifa, lakini naona haujashuka bado hadi kwenye ubao wa matangazo wa shule, ambako tunaendelea kupanga mikondo na walimu wake kama tunavyopanga timu za mpira kwenye ligi. Baraza hilo hilo hutoa kitu kingine chenye thamani kubwa zaidi kwa mwalimu, yaani taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo hupita swali baada ya swali zikieleza waliokosa walikosa kwa namna gani, mara nyingi zikiambatanisha sampuli ya mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mwalimu wa taaluma wa shule hii alikuwa amesoma taarifa moja ya namna hiyo, na ndiyo iliyompa wazo la kufanya jambo hilo kwa kiwango kidogo, kwa karatasi za watoto wao wenyewe.

Alianza kwa kuomba mafurushi yote matatu ya karatasi. Kabla hajafika kwenye makosa ya wanafunzi, aligundua tatizo ambalo lingetosha peke yake kuufuta mkeka ukutani. Kila mwalimu alikuwa amesahihisha mkondo wake. Katika maswali yenye alama zaidi ya moja, mwalimu wa A alikuwa akitoa alama ya njia hata jibu la mwisho likikosewa. Mama alikuwa akitoa alama zote au kukata zote, kama alivyofundishwa zamani. Na mwalimu wa B alikuwa katikati, mara hivi, mara vile. Mwalimu wa taaluma alichukua karatasi kumi kumi kutoka kila mkondo, akaandika mwongozo mmoja wa usahihishaji, akawaomba walimu wabadilishane na kusahihisha upya. Karatasi nane kati ya kumi za mkondo C zilipanda alama. Sita kati ya kumi za mkondo A zilishuka. Mkondo C haukugeuka kuwa wa kwanza kwa sababu hiyo, na haitakuwa haki kudai hivyo kwa karatasi kumi tu, lakini ilidhihirika kwamba tofauti ya alama tisa iliyomfanya mwalimu mmoja ainamishe kichwa ilikuwa na sehemu isiyomhusu mtoto yeyote. Sioni namna timu ya walimu inavyoweza kulinganisha mikondo kabla haijakubaliana jibu lipi linapata alama ngapi, na kazi hiyo ni ya kufanywa kabla ya jaribio, si baada yake.

Kikao cha pili kilikuwa cha aina nyingine. Kilifanyika katika darasa tupu baada ya vipindi, bila mwalimu mkuu, kwa makubaliano naye. Mwalimu wa taaluma aliwaomba wenzake wakunje kona ya kila karatasi yenye jina na mkondo, wachanganye karatasi zote 186, na wazigawe katika mafungu kwa kufuata jibu lililoandikwa badala ya alama iliyopatikana. Alichagua maswali mawili tu. Mwalimu wa A alitaka maswali yote ishirini yafanywe, akakataliwa, na ninaona mwalimu wa taaluma alikuwa sahihi: maswali hayo mawili peke yake yaliwachukua karibu saa mbili, na timu inayoanza na ishirini huchoka kabla haijaona chochote, kisha hairudii tena.

Swali la kwanza lilikuwa 503 − 267. Jibu sahihi ni 236, na waliolipata walikuwa 86. Waliokosa walikuwa mia moja kamili, na kwenye mkeka wote hao ni kitu kimoja: sifuri. Mezani walijigawa wenyewe. Fungu kubwa kuliko yote, karatasi 42, liliandika 364. Fungu la pili, karatasi 26, liliandika 266 au 206. Fungu la tatu, karatasi 21, liliandika 246. Karatasi 11 zilizobaki zilikuwa na majibu yasiyofanana, au zilikuwa tupu.

Mwalimu asiyezoea kutazama majibu ya makosa huyaona kuwa ni kubahatisha, lakini majibu haya yana mantiki iliyonyooka. Anayeandika 364 ametoa namba ndogo kutoka kubwa katika kila nafasi bila kujali ipi iko juu: saba toa tatu, sita toa sifuri, tano toa mbili. Anayeandika 266 anajua kwamba tatu haiwezi kutoa saba na kwamba ni lazima akope, lakini amekuta sifuri kwenye makumi, akairuka na kukopa moja kwa moja kwenye mamia, kisha amerudi kwenye makumi na kutoa sifuri kutoka kwenye sita; mwenzake aliyeandika 206 amefanya vivyo hivyo, ila alipofika kwenye sifuri toa sita aliandika sifuri. Anayeandika 246 amekopa kwenye mamia, akaifanya sifuri kuwa kumi, akatoa moja kuipa nafasi ya mamoja, na akasahau tu kwamba kumi imebaki tisa. Huyu wa mwisho amebakiza hatua moja kufika. Wa kwanza hajaanza kuelewa kukopa ni nini. Kuwapa wote wawili kipindi kile kile cha jioni ni kumchosha mmoja na kumwacha mwingine alipo. Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu: mwaka 1978 watafiti wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kujumlisha na kutoa hayatokani na uzembe, bali mtoto hufuata kwa uaminifu kanuni ambayo ina hitilafu mahali fulani, kiasi kwamba ukiijua kanuni yake unaweza kutabiri jibu atakaloandika katika swali linalofuata.

Kisha kona zilikunjuliwa ili mikondo ionekane. Kati ya karatasi 42 zenye 364, karatasi 30 zilikuwa za mkondo C, tisa za B na tatu za A. Kati ya 21 zenye 246, karatasi 13 zilikuwa za A, sita za B na mbili tu za C. Kwa swali hilo, mkeka ulikuwa umesema kweli: mkondo C ulikuwa nyuma sana katika kutoa kwa kukopa, na hapo ndipo mwalimu wa B, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alipokumbusha habari ya muhula ule wa darasa la tatu.

Swali la shanga lilifuata, na ndilo lililobadili mambo. Jibu sahihi ni 217. Katika mkondo A, waliolipata walikuwa 19, na 38 waliandika 473. Katika mkondo B, waliolipata walikuwa 16. 33 waliandika 473 na sita waliandika 223. Katika mkondo C, waliolipata walikuwa 14 tu, 15 waliandika 473, na 27 waliandika 223. Waliosalia katika kila mkondo walikuwa wachache wenye majibu mengine.

Jibu la 473 ni 345 jumlisha 128. Mtoto ameona neno "zaidi" akajumlisha, bila kujiuliza ni nani mwenye shanga nyingi kati ya Asha na Neema. Jibu la 223 linatoka kwingine kabisa. Mtoto ameelewa kwamba Neema ana shanga chache kuliko Asha, ameelewa kwamba anapaswa kutoa, ameandika 345 − 128 kwa mpangilio wa wima, kisha amefanya kosa lile lile la 364: nane toa tano ni tatu, nne toa mbili ni mbili, tatu toa moja ni mbili. Amelielewa fumbo na kushindwa hesabu. Ukihesabu waliochagua tendo sahihi, bila kujali jibu la mwisho, mkondo C una watoto 41 kati ya 64, mkondo B 22 kati ya 60, na mkondo A 19 kati ya 62. Mkondo wa mwisho ndio ulioelewa Kiswahili cha swali kuliko yote, na mkeka ulikuwa umeificha habari hiyo kwa kuwapa sifuri watoto 27 waliokosea mahali tofauti kabisa na wale 38 wa mkondo A.

Mwalimu wa A aliinuka, akaenda darasani kwake, akarudi na chati. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nzuri: *jumla, ongeza, zaidi: jumlisha; baki, punguza, tofauti: toa.*

"Nimewafundisha mwenyewe," alisema. "Wamefanya nilichowaambia."

Ninamheshimu sana mwalimu huyo kwa maneno hayo, na ninadhani yaliwezekana kwa sababu karatasi zilikuwa zimechanganywa na kona zimekunjwa. Alikuwa ameshalitambua kosa kabla hajajua ni la nani. Laiti kikao cha kwanza kingeanza kwa mkeka wa swali la kumi na tano peke yake, ukiwa na safu ya kila mkondo, angejitetea kama Mama alivyojitetea. Mama naye alipoulizwa anafundishaje mafumbo, alisema hana mbinu yoyote. Alipobanwa kidogo, alieleza kwamba huwa hawaruhusu watoto kugusa kalamu kabla hawajalisimulia fumbo kwa maneno yao. Watoto wawili husimama mbele, mmoja Asha na mmoja Neema, na darasa zima huulizwa ni nani anacho kingi. Namba huja mwisho. Alidhani ni mazoea ya madarasa ya chini ambayo alipaswa kuwa ameyaacha.

Chati za kutafuta neno la ishara ni za kawaida mno katika shule zetu, na nitasema wazi kwamba ninazipinga. Zinafanya kazi katika mafumbo mepesi, ndiyo maana zinadumu, lakini katika Kiswahili "zaidi ya" hueleza uhusiano wa vitu viwili, na uhusiano huo husomeka kutoka pande mbili. "Asha ana 128 zaidi ya Neema" na "Neema ana 128 zaidi ya Asha" zina maneno yale yale na matendo tofauti. Mtoto aliyefundishwa kuwinda neno hawezi kuziona kuwa ni habari mbili.

Siku iliyofuata, mwalimu wa taaluma alifanya jambo ambalo timu nyingi huliruka: aliwaita watoto watano watano kutoka kila fungu, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko, na kuwaomba wafanye tena swali huku wakisema wanachofikiri. Mtoto mmoja wa fungu la 364 alisema, "Tatu toa saba haiwezekani, kwa hiyo saba toa tatu." Mmoja wa fungu la 266 alisema sifuri haina kitu cha kukopesha ndiyo maana alikwenda kwa jirani yake. Lakini wawili katika fungu la 246 walipata jibu sahihi bila msaada wowote, na walipoonyeshwa karatasi zao walishangaa. Kwao lilikuwa ni kosa la haraka, na hakuna somo la marudio walilolihitaji. Karatasi hutoa dhana kuhusu kilichomo kichwani mwa mtoto. Dhana hiyo huthibitishwa au kukanushwa na mtoto mwenyewe, na dakika tatu za kumsikiliza huokoa vipindi vitatu vya kumfundisha asichokihitaji.

Mpango wa wiki mbili uliofuata ulihitaji kwanza ruhusa ya mwalimu mkuu ili vipindi vya hisabati vya mikondo yote mitatu vilingane saa mara tatu kwa wiki. Aliitoa. Mwalimu wa B alichukua watoto 42 wa fungu la 364 na kuwarudisha kwenye vijiti: vifurushi vya mia, vifurushi vya kumi, na kijiti kimoja kimoja, ili mtoto afungue kifurushi kwa mikono yake kabla ya kuandika alama yoyote ya kukopa. Mwalimu wa A alichukua watoto 47 wa mafungu ya 266, 206 na 246. Mwalimu wa taaluma aliwachukua wale 11 wa majibu yasiyofanana. Mama alipewa 86 waliopata swali la 503 − 267, akawafundisha mafumbo chini ya mwembe, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameandika 473. Wiki ya pili, mafungu mengine nayo yalipita kwake kwa zamu.

Mpango huu ulikuwa na kasoro mbili. Watoto 86 ni darasa kubwa kuliko mkondo wowote, na aliyepewa ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote. Timu iligawa watoto kwa uangalifu na kumgawia mwalimu mzigo bila uangalifu huo huo. Ya pili ni kwamba ndani ya siku tatu watoto wenyewe walikuwa wameyapa mafungu majina, na jina la fungu la vijiti halikuwa zuri. Wazo zuri la kulirekebisha hilo lilitoka kwa mwalimu wa B, ambaye alimwomba Mama awaletee watoto wake wa mwembe kipindi kimoja nao wafungue vifurushi. Ilionekana kwamba wengi waliokuwa wakipata jibu sahihi hawakuweza kueleza ile moja ndogo wanayoiandika juu ya sifuri inatoka wapi. Jina la fungu lilipungua makali baada ya hapo, ingawa halikwisha.

Zoezi la marudio lilifanywa mwishoni mwa wiki ya pili, likasahihishwa kwa mwongozo mmoja na kwa kubadilishana karatasi. Wanafunzi 171 walikuwapo. Swali la kutoa lilikuwa 604 − 258, na jibu sahihi, 346, lilipatikana na 109. Walioandika 454, yaani waliotoa ndogo kutoka kubwa, walikuwa 19. Walioandika 356 walikuwa 24, walioandika 306 watano, na wengine 14.

Hapo timu iligundua kosa lake yenyewe. Fungu la 356 halikuweza kugawanyika. Aliyeiruka sifuri na kutoa sifuri kutoka kwenye tano hupata tano katika nafasi ya makumi. Aliyeifanya kumi, akasahau kuipunguza, kisha akatoa tano, naye hupata tano. Makosa mawili yanayohitaji masomo tofauti yalikuwa yametoa jibu moja kwa sababu aliyetunga swali aliweka tano mahali ambapo tarakimu nyingine ingeyatenganisha. Kama wangeandika 604 − 278, mmoja angepata 376 na mwingine 336. Watoto 24 walilazimika kuitwa na kusikilizwa mmoja mmoja, kazi iliyochukua mapumziko ya siku nne. Nimekuza jambo hili dogo kwa makusudi, kwa sababu swali la jaribio ni kipimo, na kipimo huchongwa. Timu inayochukua maswali kutoka karatasi za zamani bila kuyafanya kwanza kwa njia zote za makosa inazozitarajia haitajua majibu yanamaanisha nini yatakaporudi.

Kwa upande wa mafumbo, mwalimu wa taaluma aliweka mawili, moja la "zaidi ya" na moja la "pungufu ya", yote yakitaka tendo lililo kinyume na neno la ishara. Alihofia kwamba watoto wangeweza kuwa wamejifunza kanuni mpya ya kijinga, kwamba "zaidi" sasa maana yake ni kutoa. Watoto 83 walichagua tendo sahihi katika yote mawili, 52 katika moja tu, na 36 walikosa yote. Mwalimu wa A alitaka kulinganisha 83 hao na 82 wa jaribio la kwanza na kuhitimisha kwamba hakuna kilichobadilika. Alikumbushwa kwamba mara ya kwanza fumbo lilikuwa moja, na kwamba aliyewinda neno "zaidi" asingeweza kupita katika yote mawili. Idadi hizo hazipimi kitu kimoja. Katika mkondo wake mwenyewe, waliopita yote mawili walikuwa 27 kati ya 58 waliokuwapo, na hizi ni habari za kutia moyo, lakini bado nusu ya darasa haijafika.

Uangalifu huo huo ulihitajika kwa fungu la vijiti. Kutoka 42 hadi 19 ni punguzo linalofurahisha kuliandika katika ripoti. Lakini kati ya watoto 15 ambao hawakuwapo siku ya zoezi, tisa walikuwa wa fungu hilo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba walijifunza kukopa wakiwa nyumbani. Watoto walio nyuma zaidi ndio wanaokosa shule zaidi, na ndio wanaotoweka kwanza kwenye takwimu zinazoonyesha kwamba tumefanikiwa. Mwalimu wa taaluma aliandika idadi zote mbili kwa mwalimu mkuu, 19 waliopimwa na tisa wasiojulikana, ingawa nakala iliyokwenda kwa afisa elimu kata ilihitaji wastani tu, na wastani ndio uliokwenda.

Katika jaribio la mwezi uliofuata, mkondo C ulikuwa wa tatu tena. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko mwanzo, na mkeka haukubandikwa ukutani. Ulikuwa ndani ya faili la mwalimu wa taaluma. Ajenda ya kikao ilikuwa na mambo mawili: swali la kugawanya ambalo karatasi zake zilikuwa tayari zimekunjwa kona, na majina ya watoto tisa, sita kati yao wakiwa wamerudi shuleni. Mwalimu wa A alijitolea kuwachukua hao sita kabla ya kipindi cha kwanza, akamwomba mwalimu wa B vijiti vyake.